Kilimanjaro kwa Siku Tano: Miguu Yenye Mazoezi Haitoshi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Dar es Salaam amenipigia simu akitaka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu kwa siku tano, na nilipomshauri aongeze siku moja ili alale kambi ya Horombo mara mbili, akanijibu kwamba siku ya ziada ni ya wazee na ya wasiofanya mazoezi, kwa kuwa yeye hukimbia nusu marathoni na hajawahi kuugua. Nimeongoza wapandaji katika mlima huu kwa miaka kumi na sita. Imani hiyo moja imenifanya niwashushe watu wengi kuliko mvua, baridi na vifundo vya miguu vilivyoteguka vikijumlishwa pamoja, na sasa nimechoka kuijibu kwa simu, mtu mmoja baada ya mwingine.

Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina asilimia 21 ya oksijeni, sawasawa na hewa ya Kariakoo. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kileleni unakaribia nusu tu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unaweza kuuzoea upungufu huo, lakini kwa ratiba yake wenyewe: kupumua kunaongezeka, figo zinarekebisha hali ya damu, na kazi hiyo huchukua siku, si saa. Msuli wa paja hauna usemi katika ratiba hiyo. Mazoezi yanamsaidia mtu atembee bila kuchoka, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu asiyechoka hufika juu kabla mwili wake haujawa tayari kuwa huko.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pako pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Sasa tuitazame Marangu. Lango liko karibu mita 1,860, kambi ya Mandara 2,720, Horombo 3,720, na Kibo mita 4,700 na ushee. Kutoka kitanda hadi kitanda ni takriban mita elfu moja, na usiku wa Kibo wenyewe si wa kulala, kwa kuwa mnaamshwa kabla ya saa sita ili mpande mita nyingine 1,200 gizani. Ratiba ya namna hiyo inauzwa kwa wingi kwa sababu kila siku ya ziada ina ada ya hifadhi na posho za wapagazi na mpishi, na mteja akilinganisha bei mbili huchukua ile ndogo. Simlaumu kwa kutazama mfuko wake. Ninachokataa ni kumwambia kwamba mazoezi yake yatalipia siku iliyokatwa.

Hapa ndipo niseme jambo ambalo wenzangu wengi hawapendi kulisikia. Sisi waongoza wageni tumelikariri neno «pole pole» hadi limekuwa kama dawa. Tunalisema langoni, tunaliimba njiani, na mgeni anarudi kwao akiamini kwamba ukitembea taratibu huugui kwa urefu wa mlima. Kutembea taratibu kuna faida ya kweli: hupunguzi maji mwilini kwa jasho, huhemi ovyo, na unabakiza nguvu za usiku wa kilele. Hata hivyo, mtu aliyetoka Horombo saa mbili asubuhi akatembea kama kinyonga na kufika Kibo saa kumi jioni, na yule aliyefika saa saba mchana, wote wawili watalala kwenye urefu uleule usiku uleule, na mwili wa kila mmoja utadai deni lilelile. Mwendo wa kweli wa kupanda mlima unapimwa kwa tofauti ya mita kati ya mto uliolalia jana na mto utakaolalia leo. Ukiniambia unakwenda pole pole kwa ratiba ya siku tano, umeniambia jambo ambalo haliwezekani.

Nakumbuka usiku mmoja Kibo, mpandaji wangu alikuwa mwanamichezo kwelikweli, aliyewapita wote tangu Mandara. Jioni aliikoroga supu yake hadi ikapoa bila kuionja. Saa tano usiku nilipopita kuwaamsha, nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, tochi ya kichwani inawaka, ameshika kamba za kiatu kwa vidole viwili na kuzitazama. Nilimwambia afunge. Alizungusha kamba mara moja, zikamponyoka, akaanza upya, kisha akavaa glavu ya kushoto katika mkono wa kulia. Nikamtaka atembee kwa mstari, kisigino mbele ya vidole, akayumba hatua ya tatu. Hiyo si baridi wala uchovu, ni ubongo unaovimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka saa ileile bila mjadala. Tulishuka naye Horombo usiku huohuo, wasaidizi wawili wakimshika mabega, na asubuhi alikunywa uji na kuuliza kwa nini hakupelekwa kileleni.

Kwa anayeniuliza nipendapo kupanda na kupiga kambi, jibu langu ni njia ya Lemosho kwa siku nane. Unalala kambi ya Mti Mkubwa, kisha Shira mara mbili, kisha unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600, unakula chakula cha mchana huku kichwa kikigonga kidogo, halafu unateremka kulala Barranco chini ya mita 4,000, kati ya ile miti mikubwa ya ajabu yenye majani kama kabichi. Kupanda juu na kulala chini ndilo somo lote. Kesho yake unaupanda ukuta wa Barranco na kulala Karanga, kambi niipendayo kuliko zote, kwa sababu ni nusu siku tu ya kutembea na mwili unapata muda wa kulipa madeni yake. Bondeni Karanga ndipo penye maji ya mwisho. Maji ya kupikia katika kambi ya Barafu hubebwa na wapagazi kutoka hapo, kwa hiyo usiyamwage. Njia ya Machame ni nzuri pia, ingawa usiku wa pili inakurusha mita elfu moja hadi Shira kama Marangu tu. Nafuu yake inakuja baadaye.

Meru, ndani ya Hifadhi ya Arusha, ni mlima ninaompeleka mtu kabla ya Kilimanjaro, nao hupandwa pamoja na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Meru pia unaivunja kanuni ya mita 500, maana kutoka kambi ya Miriakamba hadi ya Saddle ni mita elfu moja, lakini kilele chake hakifiki mita 4,600 na unashuka siku hiyohiyo. Asiyetaka kabisa shida ya urefu aende Udzungwa, hifadhi isiyo na barabara ndani, atembee hadi maporomoko ya Sanje.

Jambo moja linanisumbua bado. Kila jioni tunawavisha wageni kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu na kuandika asilimia, na mgeni anaisoma namba kama matokeo ya mtihani. Nimeona mwenye 78 pale Barafu akifika Uhuru akiimba, na mwenye 88 akitapika usiku kucha. Naendelea kuandika namba hizo, lakini sahani iliyoachwa ikiwa bado na chakula naiamini zaidi.

Yule kijana nimemtumia ratiba mbili, Marangu ya siku sita na Lemosho ya siku nane, na pembeni ya kila usiku nimemwandikia mita za kambi. Bado hajanijibu.