Mtikisiko wa uchumi ni nini?

Neno hili tunalitumia ovyo. Sukari ikipanda bei, uchumi umetikisika. Mishahara ikichelewa, umetikisika tena. Kwa wachumi lina maana finyu zaidi: ni tukio la ghafla linalotoka nje ya biashara, likavuruga bei au kiasi cha bidhaa bila mwenye biashara kukosea lolote. Vita ni mfano, na ugonjwa, na ukame, na hata mashine mpya. Mdororo, yaani uchumi kusinyaa kwa miezi mfululizo, ni kitu kingine. Mtikisiko waweza kuuleta au usiulete.

Hapa Lamu, mtaa wa Langoni, mtikisiko wa 2022 niliuona kwenye sahani. Urusi iliivamia Ukraine Februari mwaka huo. Nchi hizo mbili zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano inayouzwa baina ya nchi duniani, na Kenya huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake. Machi, mafuta ghafi nayo yakavuka dola 120 kwa pipa. Kwetu kisiwani unga haufiki mpaka uvuke maji, kwa hiyo petroli ya boti imo ndani ya kila pakiti. Mama anayetukaangia mahamri hakupandisha bei. Aliendelea kuuza shilingi kumi kumi, ila hamri lililokuwa likijaa kiganja likawa la kushikwa kwa vidole viwili.

Huo huitwa mtikisiko wa ugavi: wateja wapo na njaa yao ni ile ile, kilichoadimika au kughalika ni bidhaa. Tena hauondoki haraka kama ulivyokuja. Mwaka uliofuata ngano ilishuka katika soko la dunia, lakini shilingi yetu ilikuwa ikiporomoka: kutoka kama 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022 hadi karibu 160 Januari 2024. Nilipomwambia mama kwamba ngano imeshuka, alicheka. "Imeshuka redioni, mwanangu. Dukani haijafika."

Upande wa pili ni mtikisiko wa mahitaji, na huu Lamu inaujua vizuri kuliko inavyopenda. Septemba 2011 wageni walivamiwa Kiwayu, na mwanzoni mwa Oktoba mwingine akatekwa Manda, visiwa vya jirani zetu. Nchi za Ulaya zikawaonya raia wake wasije. Vyumba vilikuwepo, samaki walikuwepo, manahodha walikuwa wamekaa gatini wakisubiri. Aliyekosekana ni mteja. Hapa ndipo watu wengi hukosea dawa. Bei ikishushwa humvuta aliyeshindwa na gharama. Anayehofia roho yake hata umpe chumba bure haji.

Mara nyingine pande zote mbili huguswa pamoja. Baada ya watu wenye silaha kushambulia Mpeketoni, mji wa Lamu upande wa bara, Juni 2014, iliwekwa kafyu ya usiku. Mvuvi anayetegemea giza akazuiwa kutoka, basi huo ukawa mtikisiko wa ugavi. Hoteli iliyokuwa ikimnunulia ikawa tupu, na huo ni wa mahitaji. Korona ya 2020 ilifanya vivyo hivyo kwa Malindi na kwetu, ndege za kimataifa zilipositishwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai. Kwa mji kama Malindi, uliozoea kuwaandikia Waitaliano menyu kwa lugha yao, miezi hiyo ilikuwa mirefu.

Teknolojia nayo ni mtikisiko, ingawa watu hawapendi kuiita hivyo kwa sababu huja na jina zuri la maendeleo. Tofauti yake na vita ni kwamba vita huisha. Hofu ya 2011 ilipungua, wageni wakarudi polepole. Lakini teknolojia ikishaingia, hali ya zamani hairudi, na mfanyabiashara anayesubiri "mambo yatulie" anasubiri kitu ambacho hakipo.

Tazama boriti. Kwa karne nyingi miti ya mikoko ilikatwa kwenye visiwa vyetu, ikapakiwa majahazini na kupelekwa Uarabuni kwa upepo wa kusi. Huko haikuwa na badala yake: nchi kavu, miti hakuna, na dari lazima lishikwe na kitu. Kisha yakaja mafuta, na pesa za mafuta zikaleta chuma na saruji. Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje, mwaka 1982, biashara ile ilikuwa imekwisha kudhoofika. Sheria iliukuta mlango umeshaegeshwa.

Ingia nyumba yoyote ya kale hapa mjini uone chumba kirefu lakini chembamba, upana wake kama mita tatu tu. Huo ndio urefu wa boriti. Anayejenga leo kwa zege hupima upana autakao, na fundi wake huenda hajawahi kushika boriti.