"Nzima, ila haiwaki tu": ninavyoikagua pawatila kabla mteja hajatoa hela

Simu za namna hii huanza kwa furaha. "Fundi, nimepata pawatila! Nzima kabisa, ila haiwaki tu." Pawatila ni lile trekta dogo la magurudumu mawili, unaliongoza kwa kutembea nyuma yake. Mara ya mwisho alipiga mama mmoja anayelima mpunga bonde la Ruvu, upande wa Makurunge. Ameipata Kiwangwa, imekaa chini ya mwembe misimu miwili, na mwenye mali anataka iondoke kabla ya masika. Nikamwambia, "Mama, usitoe hata shilingi, hata ile ya kishika uchumba. Jumamosi twende wote."

Hilo neno "tu" ndilo linalowaumiza wakulima wetu. Pawatila inayowaka inajieleza yenyewe: utaiona inavyotembea, utasikia giaboksi, utajua klachi inakata au inateleza, utaona rota inazungusha majembe au inagoma. Isiyowaka imekufungia mlango wa vyote hivyo. Ubovu wa injini unauona, lakini ubovu wa vilivyo nyuma ya injini huuoni, na muuzaji mwenyewe huenda haujui. Ndiyo maana swali langu la kwanza si kama nitaweza kuiwasha. Injini nyingi zinawashika ukiwa na hela na subira. Swali ni mambo mangapi tutayanunua gizani, na kama bei imeyahesabu.

Nyingi ninazokutana nazo huku Bagamoyo zina injini ya silinda moja iliyolala, S195 au ndugu zake. Namba yenyewe inasomeka: 1 ni silinda moja, 95 ni upana wa silinda kwa milimita. Pistoni inasafiri milimita 115, na nguvu ni hospawa 12 kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Ukikuta ZS1115, hiyo ni silinda moja pia, ila upana wake ni milimita 115. Naisoma namba kabla sijashika spana, kwa sababu silivu (bomba ambamo pistoni inatembea), ringi za pistoni, gasketi na nozo (inayorusha dizeli kwenye silinda) za S195 ukizikosa hapa mjini utazipata Kariakoo. Injini ngeni isiyo na spea naiacha hata ikiwa bei ya kutupa.

Tulipofika tulimsalimia mzee mwenye mali, tukakaribishwa madafu, halafu nikamuuliza, "Mzee, siku ya mwisho ilizimaje?" Hili swali ulizeni kabla ya kugusa chochote, tena kwa upole. Injini iliyozima ghafla kwa kishindo ni habari nyingine kabisa na ile iliyokuwa inachoka siku hadi siku. Mzee hakuficha. "Ilikuwa inawaka kwa shida asubuhi, inatoa moshi mweupe, na maji inakunywa kweli. Vijana wakachoka nayo, tukaiweka."

Inakunywa maji. S195 inapozwa na maji ya tangi lililo juu ya injini. Yanachemka, yanapungua kwa mvuke, unaongeza. Kwa hiyo kila pawatila inakunywa maji. Ila ikizidisha, ujue kuna mahali pengine yanakokwenda.

Nikachomoa kijiti cha oili. Ncha yake ilikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Nikaweka sufuria chini, nikalegeza nati ya kumwagia oili taratibu, robo mzunguko, nusu mzunguko. Kilichotangulia kutoka hakikuwa oili. Yalitoka maji, kama nusu kikombe, yenye kutu, halafu ndipo oili nyeusi ikafuata. Mama akanishika bega. "Ndiyo imekufa hiyo?"

Bado. Maji yana njia kuu mbili za kufika huko. Ya kwanza ni ekzosi iliyoachwa wazi kwenye mvua: maji yanashuka hadi kwenye valvu, na kama valvu ilibaki imefunguka yanaingia kwenye silinda na kujipenyeza kando ya ringi. Ekzosi ya mzee ilikuwa imefunikwa kopo la maziwa, nikampa sifa yake. Njia ya pili ni ndani. Silivu ya injini hii inazungukwa na maji moja kwa moja, na huku chini inazibwa na ringi za mpira. Mpira ukichoka, maji yanadondokea kwenye oili. Nikaacha ile nati wazi, nikajaza tangi maji, nikaweka alama ya chaki, tukarudi kwenye madafu. Baada ya kama nusu saa, tundu la oili lilikuwa linadondosha tone moja moja la maji safi.

Mpira wenyewe ni hela ndogo. Kinachonisumbua ni mahali mpira huo unapokaa. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na watu wanajaza maji hayohayo kwenye tangi kila siku. Chumvi inaila silivu kwa nje, na inakula pia kingo za bloku ambamo ule mpira unabana. Silivu utanunua mpya. Bloku iliyoliwa ni kesi nyingine, maana utafunga mpira mpya na maji yatapita palepale. Hilo hulijui mpaka uivue silivu, na hakuna muuzaji atakayekuruhusu umvulie silivu kabla hujamlipa.

Kisha hendeli ya kuwashia. Nainua ile lever ndogo inayoachia upepo, yaani hewa inayobanwa na pistoni, nazungusha polepole. Hapa nasikiliza kwa mkono: inakwaruza wapi, inaganda wapi? Ya mzee ilizunguka bila kugoma. Nikarudisha lever, nikazungusha tena dhidi ya upepo. Injini yenye afya inakataa kabisa na kutaka kukurudishia hendeli. Ndiyo maana gumba langu nalilaza upande mmoja na vidole, sijalifunga kuzunguka chuma. Hendeli ya namna hii imewavunja watu mikono. Hii ilikataa kidogo, halafu ikaachia kama tairi lenye pancha. Ukikuta hivyo, tafuta upepo unatokea wapi. Ukifoka kwenye ekzosi au kwenye bomba la kuvutia hewa, valvu hazifungi. Mapovu kwenye tangi la maji yanasema gasketi au hedi, kile kifuniko cha silinda. Ukisikia kwenye tundu la kijiti cha oili, ni ringi na silivu. Ilikuwa hapo kwenye kijiti. Nikatia kijiko cha oili kwenye njia ya hewa, nikazungusha mara kadhaa, upepo ukaongezeka waziwazi. Ringi basi.

Jambo moja zaidi hapo hapo: fungua njia ya dizeli, zungusha kwa kasi, tega sikio kwenye nozo. Inayofanya kazi inalia "krii" fupi kila mara inaporusha. Hii ilikuwa bubu, na sikushangaa, maana dizeli ya misimu miwili ilikuwa na maji chini ya tangi.

Kama hendeli haizunguki kabisa, tafadhali msitumie nguvu. Miaka ya nyuma, Zinga, niliwahi kuchomeka bomba refu kwenye hendeli ya injini iliyokwama, nikaning'inia. Kilichozunguka ni shafti ya kuwashia peke yake, meno yamekatika. Mteja alikuwa bado hajainunua, na mimi nikalipa. Iliyokwama inafunguliwa hedi, inamwagiwa mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, inaachwa siku tatu, nne, halafu pistoni inagongwa kwa kipande cha mti. Kama mwenye mali hana muda huo, ihesabu kwamba silivu, pistoni na ringi vyote ni vipya.

Giaboksi nilikagua kwa mikono. Tuliinua tairi moja kwa gogo, nikawa naingiza gia moja moja na kulizungusha. Zingine ziliteleza vizuri, ila palikuwa na mahali pamoja panasaga kidogo, kama mchanga. Oili yake nikaipaka kati ya vidole na kuitazama juani: ilimeta, si sana. Kwenye daftari langu nina safu mbili, "nimeona" na "sijaona". Nikaandika giaboksi kwenye sijaona.

Halafu karatasi. Pawatila nyingi ziliingia wilayani wakati wa Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, na baadhi zilikuwa za vikundi. Ukiuziwa na mtu mmoja mali iliyokuwa ya kikundi, wenzake watakufuata shambani. Omba risiti au muhtasari wa kikao, na mauziano yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji. Mzee alikuwa na risiti yake ndani ya mfuko wa nailoni, namba ya injini ikalingana.

Hesabu naifanya hivi, na namba hizi ni za mfano tu. Tuseme ya aina hiyo inayowaka na kulima inauzwa milioni 3. Injini itakula 700,000 za spea na ufundi, kirikuu cha kuibeba 100,000. Zimebaki milioni 2.2. Wengi wanaishia hapo na kusema wamepata. Mimi natoa tena fungu la safu ya "sijaona", na kwa pawatila isiyowaka fungu hilo halipungui gharama ya injini yenyewe. Inabaki milioni 1.5, na hiyo ndiyo bei ya juu kabisa. Fungu hilo mnunuzi alitenge, asilile. Kama hana hela ya kulitenga, namshauri akodishe pawatila msimu huu.

Mzee alianza juu sana. Mama akamwonyesha yale maji kwenye sufuria, hakusema neno. Wakaenda chini ya mwembe wawili, mimi nikabaki nafunga nati zangu. Jioni tuliipakia.

Silivu niliivua Jumatatu. Kwa nje imetobolewatobolewa na chumvi kama kitumbua, lakini kingo za bloku zilikuwa safi, nikashukuru Mungu. Silivu mpya, ringi mpya, mipira mipya, nozo ikasafishwa. Ikawaka mara ya tatu ya hendeli. Tukaiingiza gia, na ule mchanga ukageuka kelele. Nilipofungua giaboksi nikakuta beringi imepasuka kikombe cha ndani. Mama akafungua kitambaa alichofungia lile fungu, akahesabu, akanipa na nauli ya Kariakoo.