Mtoto mwenye kifafa: dawa shambani na jandoni

Mwanangu hajaanguka miezi mitano sasa. Si amepona?

Bado. Dawa ndiyo inayomshika. Ukiiacha ghafla, hasa fenobabitoni, degedege inaweza kurudi mfululizo bila kukatika, na hiyo huua. Mara nyingi daktari hufikiria kuisimamisha mtoto akitimiza angalau miaka 2 bila kuanguka, na hapo hupunguza kidogokidogo kwa miezi.

Anaikataa, anasema ni chungu.

Hata mimi ningekataa. Saga kidonge, changanya na kijiko kimoja cha uji. Usikitie kwenye bakuli zima, maana akibakiza nusu hujui amekunywa kiasi gani. Muulize kwanza mfamasia, kwa kuwa vidonge vingine havisagwi. Tena usimwambie ni pipi: siku akivikuta peke yake atavila vyote. Dawa ya usiku ifunge na jambo lisilosahaulika, kama adhana ya Isha au chakula cha jioni.

Tumesahau ya jana usiku.

Mpe mkikumbuka. Kama muda wa nyingine umekaribia, iacheni iliyopita. Msimpe mbili kwa mpigo.

Oktoba tunahamia shambani, korosho hazingoji. Tufanyeje?

Nenda kliniki kabla ya kufunga mizigo, useme mtakaa huko muda gani, ili uandikiwe dawa za kutosha. Vihesabu vidonge kimoja kimoja, na viwepo vya wiki moja ya ziada; mvua ikianza, kutoka shamba la ndani kule Newala au Nachingwea si kazi ndogo. Vikae kwenye kopo lenye kifuniko, pakavu, juu, mbali na wadogo zake.

Mwaka huu anaingia jandoni. Mama haruhusiwi kufika kumbini.

Hapa ndipo dawa nyingi hukatika, wala si kwa ukaidi wa mtoto. Anakaa siku nyingi mbali na anayezijua dawa zake, na mama anaona haya kuuliza. Ya kumbini yabaki kumbini, lakini kidonge hakina siri. Mwite mjomba wake, ambaye kwetu neno lake lina uzito, umkabidhi kopo na maelezo ya saa na idadi. Yeye aongee na mlezi anayelala na watoto, na anayetahiri ajue pia. Ukiniuliza mimi, tohara yenyewe ifanyike hospitali, mafunzo yafuate.

Mlezi aambiwe kwamba kukesha kunaweza kuamsha kifafa, hivyo mtoto huyu alale hata ngoma zikilia. Homa nayo huamsha. Akipata joto apimwe malaria mapema. Asilale karibu na moto, wala asiende kuoga mtoni peke yake. Akianguka, wamlaze ubavu, wasimtie kijiko wala maji mdomoni, wala wasimbane viungo. Waangalie saa: ikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akirudia kabla hajapata fahamu, bodaboda iitwe na apelekwe kituo cha afya usiku huohuo.