Fagio Haliokoti Msumari Mchangani

Juzi nimemaliza kuezeka nyumba Chuno, hapa Mtwara. Ngazi haijalazwa chini, mwenye nyumba ananiambia, "Fundi, vijana wameshafagia, pako safi. Chukua hela yako ukapumzike." Nikamjibu, "Mzee wangu, naomba nusu saa tu." Nikapitisha sumaku kwenye uwanja uleule uliofagiwa. Ilirudi na misumari ya bati ya kujaza kiganja, na miwili ya inchi nne. Uwanja huo ndio anaoanikia korosho, na wajukuu wanacheza hapo pekupeku.

Kila saiti nayasikia maneno hayo, na nimechoka kuyajibu mdomoni. Fagio la chelewa kazi yake ni sakafu. Kwenye mchanga wetu wa pwani, chelewa zinasukuma mchanga na mchanga unaufukia msumari. Utaondoa vipande vya mbao na makaratasi, uwanja utapendeza, na msumari utakuwa umelala nusu inchi chini.

Sumaku si lazima ununue ile ya magurudumu. Mimi nimechukua za spika mbovu, tano, nikazifunga kwenye ubao wa futi tatu wenye kamba. Vijana wangu wanachokosea ni umbali. Nguvu ya sumaku inapungua haraka mno ukiiinua. Ukiibeba usawa wa goti, unatembeza ubao bure. Iwe sentimita mbili au tatu kutoka chini, mwendo wa pole, kwanza urefu wa uwanja halafu upana. Kabla ya hapo pitisha reki, mchanga ufunguke. Kaza zaidi kwenye mchirizi, pale maji ya paa yanapodondokea, maana misumari inateleza juu ya bati na kudondokea hapo. Na uifunge sumaku kwa kitambaa, hata kipande cha kanga: ukikivua, misumari inadondoka kwenye ndoo, huibandui mmoja mmoja.

Ribiti za alumini sumaku haizigusi, wala raba za misumari. Hizo ni za macho na mikono. Vipande vya bati inavinasa, hata vya aluzinki, kwa kuwa ndani ni chuma. Kwa sababu hiyohiyo usithubutu kuipandisha paani. Itang'ang'ania bati lenyewe na kulichuna rangi.

Huko juu kinachoniudhi ni grainda ya kukatia bati. Cheche zake ni chuma cha moto: zinatua kwenye bati, zinaganda, usiku umande na upepo wa chumvi unazikuta, na baada ya siku chache bati jipya lina madoa ya kutu. Mwenye nyumba anakwenda kugombana na muuza bati wakati kosa ni la fundi. Tena grainda inaunguza ile zinki ya ukingoni, kutu inaanzia hapo. Kata kwa mkasi wa bati. Ikishindikana kabisa, katia chini, mbali na mabati yaliyopangwa, na siku hiyohiyo fagia paa kwa brashi laini kuanzia kwenye kofia, kileleni mwa paa, kushuka.

Na anayesema msumari mpya hauleti pepopunda kwa vile hauna kutu, ajue vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi. Ukichomwa, nenda zahanati.

Hata hivyo, sijawahi kumwambia mteja kwamba uwanja wake hauna msumari hata mmoja. Nimejaribu kupima kilo zilizoingia, zilizopigwa na zilizorudi, na hesabu haijalingana hata mara moja. Nimepitisha sumaku mara tatu, na bado mvua za kwanza zikinyesha, maji ya mchirizi yanachimba mchanga na mingine inajitokeza. Kwa hiyo Chuno nitarudi na ubao wangu mvua ikishapiga mara mbili tatu. Mzee nimeshamwambia, na hela ya siku hiyo sitamdai.