Kadi ya michoro kwa kompyuta ya ofisi: anza na umeme

Wengi wanaoniletea kompyuta ili niiwekee kadi mpya ya michoro, ile inayotengeneza picha za michezo kwenye skrini, huwa wameshachagua jina la kadi kabla hawajafungua kasha hata mara moja. Mimi huanza na kasha. Sehemu kubwa ya kompyuta za michezo zinazopita mikononi mwangu ni mashine za ofisi za mtumba, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk, nazo zina mipaka ambayo tangazo la kadi halitakuonyesha.

Chukua OptiPlex 9020 yenye kasha kubwa la kusimama. Pawa saplai yake, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, hutoa wati 290, haina waya wowote wa kuipa kadi umeme wa ziada, na plagi inayoingia kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) ina pini 8 badala ya zile 24 zilizozoeleka, kwa hiyo huwezi kununua pawa saplai ya kawaida dukani ukaichomeka bila adapta maalumu. Kinachobaki ni umeme wa sloti yenyewe ya PCI Express, yaani tundu la ubao mama ambamo kadi huchomekwa, ambao mwisho wake ni wati 75. Kadi yoyote inayozidi hapo haina nafasi kwenye mashine hii ilivyo.

Hapo ndipo watu hushawishiwa kununua waya wa bei ndogo unaochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, na kuugeuza kuwa plagi ya kadi. Waya huo siufungi kwenye mashine ya mteja hata akisisitiza. Plagi ya SATA imeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, ilhali plagi ya kadi yenye pini 8 inaruhusiwa kupitisha hadi wati 150. Mchezo ukiwa mzito plagi hupata moto hadi plastiki ikaanza kuyeyuka, na mara nyingi mashine hizi hukaa chumbani mwa kijana anayecheza usiku watu wengine wakiwa wamelala. Ndiyo maana Radeon RX 580, ambayo bei yake ya mtumba huvutia sana lakini inakula wati 185, huwa naikataa papo hapo.

Zinazobaki ni chache. Jina RTX 3050 la Nvidia limebebwa na kadi mbili tofauti: ya kumbukumbu ya GB 8 iliyotoka Januari 2022, inayokula wati 130 na kudai waya wa ziada, na ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, inayotosheka na wati 70. Hiyo ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwanza, mfuko ukiruhusu. GTX 1650 ya GB 4 ni chaguo la heshima kwa anayecheza kwa resolusheni (ukali wa picha) ya 1080p na asiyeona vibaya kupunguza mipangilio, ila ikague kwanza, kwa sababu baadhi ya matoleo yake yana plagi ya pini 6.

Radeon RX 6400 inahitaji maelezo zaidi. Kwa wati 53 inaonekana kama iliundwa kwa ajili ya mashine hizi, lakini huwasiliana na ubao mama kwa njia 4 tu za kupitishia data za PCI Express. Kwenye ubao wenye PCI Express ya toleo la 4.0 hilo halisumbui sana, ila OptiPlex 9020 ni ya toleo la 3.0, ambapo njia 4 hupitisha takriban GB 4 kwa sekunde. Kumbukumbu ya kadi, ambayo nayo ni GB 4, ikijaa, mchezo hulazimika kuvuta data kutoka RAM kupitia njia hiyo nyembamba, na picha huanza kukwama ghafla ingawa wastani wa fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, unaonekana mzuri. Tena kadi hiyo haina sehemu ya kusimba video (kuibana ili irekodiwe au irushwe), jambo linalomgusa anayerusha michezo yake mubashara.

Kabla ya kununua chochote, pima prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Punguza resolusheni ya mchezo hadi 720p. Fremu zisipoongezeka, anayekuchelewesha ni prosesa, na prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4 yenye koa 4 (sehemu zinazofanya hesabu) huchoka mapema kwenye michezo mipya. Katika hali hiyo ningekushauri utunze pesa yako.

Ukinunua kadi ya mtumba, fungua programu ya GPU-Z, inayoonyesha undani wa kadi, mbele ya muuzaji. Kuna kadi kuukuu zilizobadilishiwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na programu hiyo huzigundua nyingi. Hata ile halisi siipendekezi tena, kwa kuwa mwaka 2025 Nvidia ilisitisha draiva (programu za kuendeshea kadi) za kawaida za michezo kwa kizazi chake. Kisha endesha mchezo mzito kwa dakika 20, ukiangalia joto na kusikiliza feni, kabla hujatoa pesa.