Kiatu cha Tom Dempsey hakikuwa na chuma
Novemba 8, 1970, katika mechi ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani (American football), zikiwa zimebaki sekunde 2 na New Orleans Saints wako nyuma 17–16 dhidi ya Detroit Lions, Tom Dempsey wa Saints alipiga mpira yadi 63, karibu mita 58, ukapita katikati ya nguzo za goli: pointi tatu, na ushindi. Mguu wake wa kulia haukuwa na vidole tangu kuzaliwa. Mpaka leo wapo wanaodai kiatu chake kilificha bamba la chuma. Si kweli, na ni kumvunjia heshima. Kilikuwa cha ngozi, kifupi, bapa mbele kama kichwa cha nyundo, na ligi ilikiruhusu. Wala hakikumfanya asikosee: katika mapigo 258 ya aina hiyo ligini alikosa 99. Rekodi yake ya pigo refu zaidi ilivunjwa 2013 na Matt Prater, aliyevaa kiatu cha kawaida.