Kikaragosi si Katuni

Hivi karibuni, katika mafunzo ya vijana yaliyofanyika karibu na kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, mshereheshaji alimkaribisha mama mmoja anayechezesha vikaragosi katika vipindi vya watoto, akamtambulisha kuwa ni "mchora katuni". Mama huyo hachori. Kazi yake ni kuinua mkono juu ya kichwa mpaka bega life ganzi, huku akitoa sauti ya kiumbe aliyemvaa mkononi. Kosa hilo nimelisikia mara nyingi mno kiasi cha kushindwa kunyamaza.

Kikaragosi ni sanamu inayochezeshwa na mtu kwa mkono, uzi au fimbo. Katuni ni mchoro. Uhuishaji ni ufundi wa kukipa mwendo kitu kisichojongea, kwa kukipiga picha moja, kukisogeza kidogo, kisha kukipiga nyingine.

Maneno yenyewe yanaitunza tofauti hiyo. "Katuni" tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Waitalia, ambao huita cartone karatasi nene iliyotumiwa na wachoraji kwa michoro ya maandalizi. Maana ya mchoro wa kuchekesha ilishika mizizi baada ya mwaka 1843, jarida la Punch la London lilipolitumia hivyo. "Kikaragosi" lina ukoo mwingine kabisa: linatokana na Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, ambaye jina lake maana yake ni "jicho jeusi". Neno moja lilizaliwa kwenye karatasi, jingine nyuma ya pazia, mahali ambapo palikuwa na mtu aliyejificha akichezesha. "Uhuishaji" nalo limetoka katika kuhuisha, yaani kutia uhai, na sijui neno linalostahili zaidi kazi hiyo.

Nakiri kwamba mpaka kati ya kuchezesha vikaragosi na uhuishaji hauonekani kwa macho tu. Mwingereza Oliver Postgate (1925–2008), aliyefanya kazi na Peter Firmin katika banda la ng'ombe huko Kent, alitengeneza kuanzia mwaka 1969 vipindi vya viumbe vya sufi vilivyofumwa na Joan, mke wa Firmin. Kwa umbo ni vikaragosi, lakini kamera ilipokuwa ikipiga, hakuna mkono uliovigusa. Postgate alivisogeza kati ya picha na picha, na televisheni ya kwao ilihitaji picha 25 kwa sekunde, yaani 1,500 kwa dakika. Huyo ni mhuishaji. Mwaka huohuo, Marekani, vikaragosi vya Jim Henson vilianza kuonekana katika Sesame Street, kipindi cha watoto cha televisheni, na humo mkono ulikuwa ndani ya kikaragosi, ukicheka na kushtuka papo hapo pamoja na sauti. Huyo ni mchezesha vikaragosi.

Kwetu huku jambo hili si geni hata kidogo, kwani katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana, Wasukuma walichezesha sanamu za mbao ili kuvuta watazamaji, na anayetaka kujifunza habari za ngoma hizo aende makumbusho ya Bujora, Kisesa.

Mtoto wa jirani yangu wa mtaa wa Kirumba huita vyote katuni, nami simsumbui. Mshereheshaji ndiye niliyemfuata pembeni baada ya kikao, nikamwambia kwa upole: "Kaka, ukimkaribisha tena mama yule, sema mchezesha vikaragosi."